Rakaa Mbili za Thabit

Siku ya Jumamosi, tarehe 18 Machi 1967, Mahbuba binti Majid, mjane wa miaka thelathini na minne, mkaazi wa Matrah, alipata ruhusa ya serikali ya kutoka Maskati kwenda Quds, mji wa Yerusalemu. Karatasi ilikuwa na jina lake, jina la mdogo wake Thani bin Majid aliyekuwa mahram wake wa kumsindikiza njiani, muhuri wa wino wa zambarau, na maneno kwamba safari ni moja na muda wake ni mwaka mmoja. Ombi lilikuwa limekaa miezi kumi na minne. Wakati huo hakuna aliyetoka nchini kwa matakwa yake tu. Mtu aliomba, akangoja, akaambiwa arudi baada ya Idi, akarudi, akaambiwa karani mwenyewe kasafiri.

Karani aliyemkabidhi Thani ile karatasi alimwuliza, "Mnakwenda kufanya nini huko?"

"Kusali rakaa mbili."

"Rakaa mbili! Kwani misikiti ya Matrah imejaa?"

Thani alikuwa mtu wa forodhani, na alijua kwamba karani anayetania si karani anayezuia. Alicheka naye, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda zake kabla yule bwana hajabadili moyo.

Rakaa hizo hazikuwa za Mahbuba. Zilikuwa za marehemu mumewe, Thabit bin Khalfan, aliyekuwa mchora ramani katika idara ya ujenzi ya serikali ya Unguja. Walioana mwaka 1952, na katika miaka sita ya mwanzo mimba nne ziliharibika. Ya tano ilipofika mwezi wa saba, Thabit aliweka nadhiri: mtoto akizaliwa hai, akafika kutembea, yeye atakwenda kusali rakaa mbili Baitulmuqaddas, huko Quds, na atachukua chupa ya mafuta ya nazi kwa ajili ya taa za huko. Aliya alizaliwa Februari 1959. Alitembea akiwa na miezi kumi na moja.

Watu walimwuliza Thabit kwa nini asiweke nadhiri ya Makka kama wenzake. Aliwajibu kwamba Makka ni faradhi, na mtu haahidi kukifanya kile ambacho tayari kinamlazimu. Lakini sababu yake nyingine, aliyoisema nyumbani tu, ilikuwa kazi yake. Ofisini kwao kulikuwa na kitabu cha majengo, na ndani yake ramani ya Kuba la Mwamba la huko Quds pamoja na vipimo vyote. Alikinakili ukurasa kwa ukurasa. Juu ya meza ya chakula alichora miraba miwili ya ukubwa mmoja, mmoja umekaa sawa, wa pili umegeuzwa upande juu ya wa kwanza, akamwonesha mkewe jinsi mistari inavyokatana na kutoa umbo la pembe nane.

"Waona? Hapana siri," alimwambia. "Kamba na kigingi. Hata weye waweza kulijenga."

"Ntaanza na paa la jiko," Mahbuba alimjibu, "linavuja tangu Ramadhani."

Kilichomshughulisha Thabit zaidi ya pembe nane ni watu waliolijenga. Khalifa Umar bin Khattab, alipoitwaa Quds, aliukuta mji wenye makanisa makubwa, mji ambao Wakristo waliutukuza na ambao Mayahudi, walioutukuza kabla yao, walikuwa wamekatazwa kuishi ndani yake. Alioneshwa mahali pa mwamba, pamejaa taka, na inasimuliwa kwamba alianza kuzizoa kwa joho lake mwenyewe. Miaka hamsini na kitu baadaye, mwaka wa 72 wa Hijra, Khalifa Abdulmalik bin Marwan akawa amesimamisha Kuba juu ya mwamba ule. Babu za waliolijenga walisali Madina chini ya paa la makuti ya mtende. Nguzo zake hazifanani. Zilitolewa kwenye majengo ya zamani yaliyokwisha kubomoka, nyingine ndefu, nyingine fupi, kila moja na kichwa chake. Mapambo ya vipande vya kioo huenda yalitiwa na mafundi ambao mwaka uliotangulia walikuwa wakipamba makanisa. Thabit alisema alitaka kuzishika nguzo zile kwa mkono, moja baada ya moja, aone mafundi walifanya nini zikalingana kimo.

Safari ilipangwa iwe baada ya Ramadhani ya mwaka 1964. Jumatatu tarehe 13 Januari, siku ya pili ya mapinduzi, Thabit alitoka nyumbani kwao Malindi kumfuata mama yake Bububu. Hakurudi. Mtu mmoja alikuja baada ya wiki akasema alimwona ameanguka kando ya barabara, na kwa habari ya mtu huyo Mahbuba alikaa eda. Hakuna aliyeleta maiti, na hakuna aliyeweza kumwonesha kaburi. Mwezi wa Agosti yeye, Aliya na Thani walipanda meli, wakashushwa Matrah kwa mashua wakiwa na masanduku mawili.

Nyumba ilikuwa imekwenda, nguo za Thabit zimekwenda, na zile karatasi za michoro pia. Rakaa mbili zilikuwa hazijakwenda. Kwa mwanamke asiye na kaburi la kuzuru, hicho ndicho kitu pekee cha mumewe ambacho bado kingeweza kufanywa, na alikishika kama watu wengine wanavyoshika funguo za nyumba ambazo hawataziona tena.

Huko Matrah walifikia kwa shangazi yao, Bi Kheiria, dada wa baba yao. Alikuwa mzaliwa wa Wete, Pemba, aliyepelekwa Oman kuolewa mwaka 1938 na kubaki huko. Alikuwa mjane, mwenye nyumba ya ua mkubwa nyuma ya soko, mwenye kauli, na Kiswahili chake cha Pemba kilikuwa kimekaa miaka ishirini na sita bila kutumika isipokuwa kuwakemea mbuzi. Alifurahi kupata watu wa kukemea.

Alasiri ya ile Jumamosi walikaa uani, karatasi imewekwa juu ya mkeka, imekandamizwa kwa kikombe isipeperuke.

"Meli inapita Alkhamisi ya wiki ijayo," Thani alisema. "Kuweti siku tano, sita. Kutoka pale gari mpaka Amman. Katikati ya Aprili tushafika, dada."

"Tutakwenda Rajab," Mahbuba alisema.

"Rajab ipi?"

"Hii inayokuja. Tufike kabla ya mwezi ishirini na saba, nisali siku ya Miraji. Kwa hesabu za kizungu ni mwisho wa Oktoba. Ruhusa si ya mwaka mzima?"

Mahbuba alilelewa na mama aliyeshika madhehebu ya Shafi, na kwao Unguja mwezi wa Rajab ulikuwa na mambo yake. Wanawake walikusanyika, ubani ukafukizwa, Miraji ikasomwa tangu mwanzo mpaka mwisho: jinsi Mtume alivyochukuliwa kutoka Makka hadi Baitulmuqaddas, na jinsi alivyopandishwa mbinguni. Alikuwa akiisikiliza tangu yu mtoto wa kulala pajani. Sasa alikuwa na karatasi ya kumfikisha mahali penyewe. Kufika katika siku nyingine yoyote aliona ni kama kwenda harusini kesho yake. Thabit hakuwa ametaja siku katika nadhiri yake. Hilo Mahbuba aliliongeza mwenyewe.

"Na usiku huo nani kautia muhuri?" Bi Kheiria aliuliza. Yeye alikuwa Ibadhi wa kukata na shoka. "Maulamaa wenyewe hawakupatana. Huku kwetu hatuusomi, wala mbingu haijatuangukia."

"Kwetu tukiusoma, shangazi."

"Kwenu, kwenu! Mie mzaliwa wa Wete, usinifunze kwenu. Na huyo Abdulmalik wenu mwenye kuba, wazee wetu walimwandikia barua ya kumkemea. Lakini haya, jumba ni jumba, na rakaa ni rakaa. Mtu kafunguliwa mlango, asema ngojeni nivae kilemba! Ngojangoja huumiza matumbo, mwanangu."

"Nimengoja miaka mitatu, shangazi. Miezi saba nini?"

Thani alimtazama dada yake, akaitoa karatasi chini ya kikombe, akaenda kuiweka sandukuni. Baadaye alisema angeweza kubishana siku ile, na hakubishana, kwa sababu dada yake alikuwa akitabasamu, na hajamwona akitabasamu tangu Unguja.

Mafuta ya nadhiri Mahbuba aliyatengeneza wiki hiyohiyo. Alikuna nazi kumi na mbili, akakamua tui, akalichemsha mpaka mafuta yakajitenga, akayachuja mara tatu kwa kitambaa, akayatia chupani na kuziba kwa nta. Nazi zilitoka Malabari, Uhindini. Za Unguja hazikuwapo sokoni. Bi Kheiria alisimama mlangoni akimwangalia.

"Huko Quds zeituni tele, watu wanaogea mafuta, nawe wawapelekea nazi!"

"Ndivyo Thabit alivyosema."

"Basi wakikuuliza, sema yametoka Pemba. Ya Unguja yananuka."

Vita vya Waarabu na Israeli vilianza Jumatatu tarehe 5 Juni. Nyumbani kwa Bi Kheiria kulikuwa na redio ndogo ya betri, imefunikwa kitambaa mchana na usiku. Kituo cha kwanza walichokisikiliza kilihesabu ndege za adui zilizoangushwa, na Bi Kheiria alizihesabu pamoja nacho kwa tasbihi mpaka akachoka. "Adui huyu ana ndege ngapi?" aliuliza siku ya pili. "Tushamwangusha akaisha, naye yuaja tu." Siku ya tatu, Jumatano, Thani alizungusha kitufe akapata kituo kingine, kilichozungumza polepole na bila nyimbo. Kilisema mji wa kale wa Quds, uliokuwa mikononi mwa Jordan, umechukuliwa na Israeli.

Mahbuba alikuwa akichambua mchele. Aliuliza mambo mawili.

"Kuba je?"

"Limesimama," Thani alisema. "Wanasema halikuguswa."

"Na njia?"

 Thani alizima redio, akairudishia kitambaa chake. Aliya, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa amekaa juu ya kizingiti na mdoli wa kitambaa. Hakuna aliyemtazama.

Tangu siku ile Mahbuba alikuwa na hesabu moja, naye aliirudia mpaka Thani akamwomba aache. Wangepanda meli ya Machi, wangefika Quds katikati ya Aprili. Hata wangekawia Kuweti, hata wangeugua njiani, hata wangekosa gari Amman mara mbili, Mei isingekwisha kabla hajasali. Kila njia aliyoipita katika hesabu ile ilifika. Ni ile moja tu aliyoichagua ambayo haikufika.

Mwezi wa Agosti, joto la Matrah likiwa limeshika kuta mpaka mtu hawezi kuegemea, alifungua chupa. Mafuta yalikuwa yamechacha. Pengine yalibaki na maji wakati wa kuchuja. Aliyamwaga nyuma ya nyumba, akaosha chupa kwa majivu, akampa jirani aliyekuwa na haja ya chupa. Mwezi ishirini na saba Rajab ulipowadia hakusoma Miraji na hakufukiza ubani. Machi 1968 ruhusa ilikwisha muda wake, na hakuna aliyeitaja.

Wakati huo alikuwa na wanafunzi tisa. Skuli ya serikali ya wasichana haikuwapo. Majirani waliambiwa kwamba watoto wanakuja kwa Bi Kheiria kusoma Kurani, na ilikuwa kweli. Ila baada ya Kurani walisoma hesabu, na baada ya hesabu tarikhi, mambo ya zamani. Wote walikuwa mabinti wa watu waliotoka Unguja na Pemba, na lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Mahbuba alikuwa mwalimu kwa miaka kumi kabla ya mapinduzi, na alifundisha jinsi watu wengine wanavyoshona, bila kuinua kichwa.

Mapema mwaka 1968 alifika kwenye somo la Quds. Angeweza kuliruka. Hakuliruka. Alisimamisha kigingi katikati ya sakafu ya ua, akafunga kamba, akawaambia Nasriya na Sayyida, wakubwa wa darasa, wazunguke na chaki. Wakachora duara la mwamba, kisha miraba miwili, kisha pembe nane. Wakaweka kokwa za tende mahali pa nguzo: nne nene na kumi na mbili nyembamba kuzunguka mwamba, nane na kumi na sita mzingo wa nje. Kisha akawasimulia jinsi mji ulivyoingiwa. Umar alikuja kutoka Madina na ngamia mmoja, akipokezana kupanda na mtumishi wake. Mkuu wa Wakristo alimtembeza mjini, wakafika katika kanisa kubwa, na wakati wa sala ukaingia. Akakaribishwa asali humohumo. Umar alikataa. Alitoka nje akasali peke yake ngazini, na alipoulizwa alisema: nikisali ndani, watakaokuja baada yangu watasema Umar alisali hapa, na watawanyang'anya hawa kanisa lao.

"Mie ningesali ndani, Mwalimu," Nasriya alisema. "Nje jua."

"Weye hata Matrah husali, itakuwa Quds!" Sayyida alimwambia, na ua mzima ukacheka.

Nasriya hakujali. Alikuwa mtoto wa kushika jambo mpaka liishe. "Lakini alijuaje watu wa baada yake watafanya nini?"

"Alikuwa akiwajua watu," Mahbuba alisema.

"Na hawa waliouchukua juzi, Mwalimu, wao wamesali wapi? Ndani au nje?"

Wasichana wakamgeukia Mwalimu. Wote walikuwa wameisikia redio majumbani mwao.

"Sijui," Mahbuba alisema. "Mie sikufika."

Alifunga darasa nusu saa kabla ya wakati. Ile chaki ilikaa sakafuni mpaka Bi Kheiria alipoifuta kwa maji kesho yake asubuhi, naye alifuta bila kusema neno, jambo lililowashangaza watu wa nyumba.

Kwa miaka miwili Mahbuba aliamini kwamba njia itafunguka. Ilipofika Aprili 1970 aliacha kuamini, au alichoka, na akamtuma Thani kumwita Sheikh Yaarub, mwalimu wa msikiti wa mtaa wao. Sheikh alikaa upande mmoja wa pazia pamoja na Thani, Mahbuba na Bi Kheiria upande wa pili. Sheikh naye alikuwa ameishi Unguja ujanani.

"Mambo mepesi haya, binti yangu," Sheikh alisema. "Mtu alimjia Mtume akasema nimeweka nadhiri ya kusali Baitulmuqaddas. Mtume akamwambia, sali hapa."

"Hapo palikuwa Makka, Sheikh," Mahbuba alisema. "Aliambiwa aache pazuri ashike pazuri zaidi. Hapa petu ni Matrah."

Upande wa pili wa pazia Sheikh Yaarub akacheka. "Thani, dada yako aliwapa watu taabu huko skuli?"

"Bado anawapa, Sheikh."

Sheikh alisema basi ziko njia mbili. Ya kwanza, asali hapahapa kwa niaba ya marehemu, afunge siku tatu za kafara, na jambo liishe. Ya pili, aandike katika wasia wake kwamba nadhiri hii haijatimizwa, na kwamba njia ikifunguka mrithi ataitimiza. Nchi ile kila mtu mzima huandika wasia, na ndani yake hutia kila alichobakiza: saumu alizokula, viapo alivyovunja, watu aliowakosea. Bi Kheiria alikuwa na wake wa kurasa nne. "Mpaka paka wa jirani nimemtaja," alikuwa akisema.

Mahbuba alichagua wasia. Mrithi ni Aliya. Sheikh aliandika maneno, lakini alikataa kuita mashahidi siku ile. "Mzigo hauwekwi kichwani pa mtu asiyeambiwa," alisema. "Mtoto aambiwe kwanza, azoee. Kisha niite."

Sheikh alipoondoka, Thani alibaki amesimama.

"Dada, wamrithisha mtoto safari ambayo weye mwenyewe hukuiweza."

"Sikuiweza kwa kosa langu. Yeye hatakuwa na kosa."

"Yeye baba yake hamkumbuki hata sura!"

"Ndiyo maana," Mahbuba alisema.

Aliya aliambiwa wiki hiyohiyo. Alikuwa na miaka kumi na moja, mtoto wa maneno machache. Alisema, "Ndiyo, mama," akauliza kama anaweza kwenda zake. Mahbuba aliona ameelewa. Alikuwa na mazoea ya kumwona Aliya ni mtoto mtulivu, na mambo yake madogo madogo hakuyatia maanani: hakutaka kutiwa hina ya Idi, na alipopewa kitambaa cha kofia aanze kushona kama wenzake, alikirudisha akisema kofia ni kazi ya mwaka mzima.

Tarehe 23 Julai nchi ilipata mtawala mpya. Marufuku nyingi ziliondolewa, mtu akawa anaweza kutoka na kurudi, na ikatangazwa kwamba skuli zitafunguliwa, za wasichana nazo. Thani alirudi kutoka forodhani akisema watu wanaomba pasipoti kama wanaonunua mkate. Mahbuba alimsikiliza mpaka mwisho. Milango ya Maskati ilikuwa wazi. Njia ya Quds ndiyo haikuwapo.

Aliya alishikwa na homa katikati ya Agosti. Siku ya tatu, adhuhuri, Mahbuba alikuwa akimkanda kwa kitambaa cha maji, mtoto akafumbua macho akatazama mlango.

"Mama, wamekuja?"

"Nani, mwanangu?"

"Wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Wenye mie." Aliya alisema bila kulia, kama mtu anayeeleza hesabu rahisi. "Baba aliahidi atasali ndo akapewa mie. Hakusali. Na weye hukusali. Sasa nnarudishwa."

"Nani kakwambia maneno haya?"

"Hajanambia mtu. Nnajua."

"Tangu lini, Aliya?"

"Tangu ile redio," Aliya alisema. Kisha akafumba macho.

Mahbuba alikaa na kitambaa mkononi mpaka kikakauka. Miaka mitatu mtoto alikuwa akingoja kuchukuliwa, uani humohumo, mbele ya macho yake, kati ya Kurani na hesabu. Na mwezi wa Aprili yeye mamake alimwita akamkalisha chini akamwambia kwamba sala ile sasa ni juu yake.

Homa ilishuka siku ya sita. Daktari wa hospitali ya Matrah alisema ni malaria, akatoa vidonge, akaagiza mtoto ale. Aliya alikula. Mahbuba alimweleza kwamba nadhiri si rehani, na kwamba Mwenyezi Mungu hampi mtu mtoto kisha akaja kumdai kama muuza vitambaa. Aliya alisema, "Ndiyo, mama," kwa sauti ileile ya Aprili. Mahbuba safari hii aliisikia.

Mwanzoni mwa Septemba alimwambia Thani amrudie Sheikh Yaarub, amwambie aichane ile karatasi.

Thani, aliyekuwa amelitaka jambo hilo tangu mwanzo, sasa alisita. "Na Thabit, dada? Ukisali hapa, basi. Hana tena kitu kilichobaki."

"Najua."

"Una hakika?"

"Thabit hakutaka kuba, Thani. Alilipenda, lakini alitaka mtoto. Siku ile aliyoweka nadhiri nilikuwepo. Alikuwa kashika ukuta kwa mikono miwili. Alitaka mtoto aishi. Mtoto aishi namna hii, hakutaka."

Leo ni Alhamisi, tarehe 17 Septemba 1970, na Rajab imeshaingia. Asubuhi hii Bi Kheiria, ambaye hajapata kuisoma Miraji tangu alipoondoka Pemba, alimfuata Mahbuba jikoni akasimama akikuna kiganja.

"Ungengoja, mwanangu. Miraji siku kumi tu. Ntafukiza ubani. Ntakaa nawe, nisikilize."

"Singoji, shangazi."

"Haya," Bi Kheiria alisema. Aliichukua sinia ya mchele mikononi mwa Mahbuba, akakaa chini akaanza kuuchambua yeye.

Kesho, baada ya adhuhuri, Mahbuba binti Majid atasali rakaa mbili katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Bi Kheiria, Matrah, kwa niaba ya marehemu Thabit bin Khalfan, na Aliya atakuwa amekaa nyuma yake aone zinavyosaliwa. Kuanzia Jumamosi atafunga siku tatu za kafara. Wasia wa nadhiri hautaandikwa tena.